Mbio za Uani

Mwanamke akija kibandani kwangu hapa Kibiti kushonesha nguo ya kukimbilia, huanza na rangi. Anataka zambarau, anataka yenye maua. Simjibu. Namuuliza kwanza kifua chake anakifungaje, maana hapo ndipo wengi wanapokatia tamaa. Sidiria ya kuendea harusini haikimbiliwi. Mama yangu alianza kwa kuvaa mbili kwa mpigo, moja juu ya nyingine, na bado alirudi amejishika kifua kwa mikono yote miwili. Nikamshonea fulana ya kubana kwa kitambaa kinachovutika, mikanda mipana mgongoni. Alipoivaa alisema amekumbatiwa na mtu asiyejua kuachia, akacheka mpaka akakaa chini.

Mama alizaliwa Kiongoroni, kule delta ya Rufiji, kwenye tope na mikoko. Kule njia ni maji, na ukishuka mtumbwini mguu unazama mpaka gotini. Barabara alikutana nayo ukubwani, alipoolewa na baba akaletwa Kibiti. Kukimbia kulikuja baadaye kabisa, ana wajukuu tayari, siku aliyoambiwa kliniki kwamba ana sukari na kwamba asipofanya mazoezi itamla. Mimi wakati huo nilikuwa nimeachika, nimerudi nyumbani na cherehani yangu, nimenenepa mwili na hasira. Akasema twende wote, kwani alfajiri nina kazi gani zaidi ya kununa. Nilimchukia siku ile, lakini nikaenda.

Tulijifunza kwa kuumia. Baibui lilikunywa jasho likawa zito mpaka mabega yanauma. Dera likajaa upepo, likajisokota miguuni, mama akala mwereka mbele ya vijana wa bodaboda. Basi nikakata gauni jepesi la kufika magotini, lenye mpasuo pembeni, na suruali pana chini yake. Ya kwangu ilikuwa nyeusi kwa ajili ya zile siku zangu za mwezi. Mtandio wa mama niliushonea kishikizo nyuma ya kichwa, pini isimchome kidevu. Mafuta ya mgando tulipaka mapajani, kwapani na chini ya matiti kabla ya kuvaa, kwa sababu ukishachubuka umeshachelewa, na maji ya kuoga yatakufundisha adabu.

Viatu vilikuwa vya mitumba, namba moja zaidi ya mguu, kwa kuwa mguu huvimba njiani. Kabla ya kuvivaa mama aliingiza mkono ndani akapapasa mpaka kwenye vidole. Nesi alimwambia kwamba sukari huua nyayo taratibu, mtu anaweza kukanyaga kitu asijue. Mama alilishika lile neno, ila hakuliamini sana. Alisema nyayo zake zimelelewa na mizizi ya mikoko na magamba ya chaza, hazitishwi na mchanga wa Kibiti.

Chakula ndicho kilichokuwa vita. Mtu wa Rufiji umwambie apunguze wali! Mama aliacha kile kitafunwa kitamu kiitwacho bibi harusi, akaacha chai ya kukolea, lakini mbele ya sahani ya wali alitokwa na machozi kweli, na mimi nilimgombeza, na baba akatugombeza wote wawili. Halafu tukagundua kuwa hata kufunga kula hakumfai. Alfajiri moja alimeza dawa akatoka na tumbo tupu. Katikati ya mashamba akaanza kuniita kwa jina la marehemu dada yake, mikono inatetemeka. Nilidhani ananitania. Nilimwokoa kwa soda ya muuza duka aliyekuwa ndiyo kwanza anafungua. Toka siku hiyo, baada ya swala ni kipande cha muhogo wa kuchemsha au nusu ndizi, maji, ndipo viatu. Nikamshonea mfuko wenye kifungo, ndani yake tende, na sukari kidogo ndani ya nailoni kwa ajili ya giza likimjia machoni. Akirudi, uji wa mtama na samaki aliyelala tangu jana. Wateja wangu nawaambia vivyo hivyo. Anayekimbia na njaa ili apungue upesi ataanguka upesi, basi.

Lami tuliiacha, malori ya kwenda kusini hayana huruma. Tulipita njia ya mchanga inayoingia kwenye mikorosho, siku zote wawili, mmoja akijisaidia mwenzake anasimama zamu. Maneno tuliyasikia mengi. Vijana walituuliza tunafukuzwa na nani. Baba naye alituuliza hivyo hivyo kila asubuhi, ila yeye alituuliza huku ameshatuchotea maji ya kuoga. Sukari ikashuka. Siku nesi alipomsimamisha mama mbele ya foleni na kumsifu, alirudi nyumbani anatembea katikati ya barabara, bodaboda zikampigia honi, hakusogea. Nilimpenda sana mama yangu siku ile.

Kisha baba akafa. Ilikuwa masika. Alirudi msikitini, akasema anajilaza kidogo, na alipoitwa kula hakuitika. Presha, walisema. Mama akaingia eda.

Wanaojua wanajua. Miezi minne na siku kumi mjane anatulia nyumbani kwa mumewe. Hajipambi, hajitii manukato, hatoki bila haja. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuja kutoka Umwe kukaa naye, kama ilivyo desturi ya kwetu. Nikisema nilimchukia shangazi nitakuwa nasema kweli ya wakati ule. Lakini alikuwa mwanamke aliyefiwa na kaka yake wa pekee, na usiku nilimsikia akilia amejiziba mdomo kwa kanga.

Nyumba ya msiba hailali njaa. Wali ulikuja, maandazi yakaja, chai zikaja zenye sukari ya kusimamisha kijiko, na kila aliyeleta alikaa amtazame mama akila. Angekataaje? Nilipompima kidole kwa kipimo cha sukari, kilitoa namba ya kutisha. Nikaenda kwa mke wa shehe anayewasomesha wanawake, nikamuuliza waziwazi. Alinijibu kwamba kliniki aende bila wasiwasi, ni haja, na kwamba mjane kujinyoosha ndani ya ua wake mwenyewe hakumvunjii eda. Nilirudi nyumbani mbio na jibu hilo. Mama alifurahi. Kesho yake, alfajiri, alivaa viatu vyake akaanza kuuzunguka ua, kati ya jiko na kisima, taratibu, mtandio mweupe kichwani.

Haikufika juma. Ua wetu ni wa makuti, na vishindo vya viatu juu ya ardhi ngumu havifichiki. Jirani akamuuliza shangazi kwa wifi yake kunatwangwa nini alfajiri. Shangazi alitoka nje na tasbihi mkononi, akasimama mlangoni mwa jiko.

"Wifi, udongo wa kaka yangu haujakauka, wewe unakimbia? Watu watasema umefurahi."

Mama akasimama pale pale. Nilimkumbusha shangazi maneno ya mke wa shehe, nikapandisha sauti, nikamwambia namba ya sukari. Shangazi alisema hakatazi dini, ila aibu nayo ipo, na mama avumilie tu hizo siku zilizobaki, hakuna aliyekufa kwa kukaa. Nilitaka kumjibu vibaya. Mama akanizuia kwa mkono. Alisema hataki marehemu asemwe kwamba mkewe alimkimbia kaburini. Akainama akavua viatu, akavisimamisha nyuma ya mlango, na mimi nikaona mambo yameishia hapo.

Aling'ang'ania tu kwamba mimi nisiache. Kila alfajiri aliniamsha yeye, akanipa muhogo wangu, akanifungulia mlango. Nilikwenda peke yangu mpaka kwenye mikorosho nikarudi. Nikirudi namkuta jikoni, uso umelowa, nadhani ni moto wa kuni au ni kilio. Sikumsumbua. Mjane ana haki ya uso uliolowa.

Masika ikapita, akaanza kuvaa soksi ndani ya nyumba. Nikadhani ni stara. Shangazi akamsifu. Kisha ikaja siku shangazi amekaa naye mkekani wanachambua mchele, akainua pua. Nyumba nyingine ya kwetu ingekuwa imefukizwa udi asubuhi na jioni, mtu asingetambua kitu. Ya eda haifukizwi. Shangazi alisema kuna panya amekufa. Akapekua uvunguni, akapekua nyuma ya magunia, akarudi mkekani, halafu akauvuta mguu wa mama akaivua soksi.

Nilisikia ukelele wake nikiwa uani naanika nguo. Kwenye unyayo wa kulia kulikuwa na tundu, na pembeni yake pamekuwa peusi. Ndani yake mlikuwa na kipande cha msumari wa bati. Fundi alikuwa amekuja kuziba paa la jiko siku za matanga, misumari ilidondoka mchangani, sisi tuliokuwa tunavaa ndala hatukuijua.

Nilimuuliza mama amekanyaga lini. Akasema hajui. Nilimuuliza tena, kwa ukali, mtu anakaaje na msumari mguuni asijue, ilhali jibu la nesi nilikuwa nalo kichwani. Hapo ndipo aliponieleza, polepole, macho yake kwenye mchele. Tangu siku ile ya kukatazwa hakuacha. Mimi nikishatoka kwenda barabarani, na shangazi yuko kwenye mswala anavuta uradi, mama alikuwa anakimbia uani pekupeku. Bila viatu hakuna kishindo. Alizunguka kisima mpaka aone kweupe. Alipoona damu kwenye ndala alivaa soksi, akaosha kidonda kwa maji ya chumvi, akasema kitafunga, kwao Kiongoroni vyote hufunga.

"Kukaa nilikuwa nakaa mchana kutwa," alisema. "Lile lilikuwa langu. Nilikuwa nakimbia nalia, na nilikuwa sisikii ganzi wala maumivu, nasikia vizuri tu."

Tulimpeleka hospitali siku ile ile, tukapewa gari kwenda Dar. Shangazi alipanda bila kuulizwa, mguu ule ameupakata mapajani njia nzima, barabara yote na mabonde yake, hakuubadilisha upande. Daktari hakuzungukazunguka. Walikata chini ya goti. Mama aliimalizia eda yake wodini, na siku ya kutoka eda, ambayo sisi humwogesha mtu, tukamvisha nguo mpya na kumpaka mafuta mazuri, tulimwogesha kwa beseni, shangazi na mimi, kitandani, pazia limevutwa. Shangazi alimsugua mgongo akimwomba radhi. Mama akamjibu kwamba hana neno naye. Mimi nilikuwa nalo, na bado ninalo kidogo, lakini nimelikalia.

Tuliporudi Kibiti niliamua sikimbii tena. Mama alikataa. Aliniamsha alfajiri kutoka kitandani kwake, akaniita mpaka nikaamka, akasema: niende, na nikirudi nimsimulie. Basi nikawa na kazi hiyo. Nilirudi na jasho langu nikakaa chini kando ya kiti chake, nikampa barabara yote. Mikorosho imetoa maua. Pale bondeni maji ya masika yalikata njia, watu wamelaza magogo. Kile kimlima nimekipanda bila kutembea. Mama aliuliza nimevuta pumzi vipi, nimeanza polepole au nimekurupuka, nimekula nini kwanza. Nilipofika kwenye kimlima, mabega yake yalikwenda nami. Alicheka, alinikosoa, alikula uji wake wote. Nikawa naongeza njia ili nipate cha kumletea. Kusema kweli nilianza kuamini kwamba nimempatia dawa.

Asubuhi moja ya kipupwe nilirudi nimechangamka. Kulikuwa na ubaridi mzuri, umande umelaza vumbi, mwili mwepesi, nami nilimsimulia kwa mikono na miguu. Nilimwambia jinsi nilivyotoka pale kwenye bonde, jinsi hatua zilivyokuja zenyewe, nikasema leo ningeweza kufika Ikwiriri na kurudi. Nilikuwa nimesimama mbele yake namwonyesha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mikono yake ilikuwa imeshika pande mbili za kiti, kwa nguvu, nami sikuelewa.

"Inatosha, mwanangu. Usinisimulie tena."

Nikamuuliza nimekosea nini.

"Hujakosea. Umesimulia vizuri mno. Nimesahau, nikataka kuinuka twende."

Akailegeza mikono, akaivuta kanga mapajani akaiweka sawa. Nikaenda jikoni kumkorogea uji, nikaukoroga mpaka ukaungua.