Mgeni Aliyemjia Kogo

Usiponiamini sitakasirika. Hata mume wangu haniamini. Lakini nilikuwa hapo, akili timamu, mchana mweupe, kwetu Keringet.

Kogo, yaani nyanya yangu aliyenilea, alikuwa anakufa. Hospitali ilikuwa imetuambia turudi naye nyumbani. Alikuwa ameacha kula, na hata maji nikimpa yanatokea kando ya mdomo. Pua ilikuwa imechongoka. Nikimkanda miguu, ni baridi, na madoa ya zambarau yamepanda mpaka magotini. Anahema, ananyamaza mpaka unadhani basi, halafu anahema tena. Baba, mtoto wake wa pekee, alikuwa njiani kutoka Rongai, na mvua ilikuwa imeharibu barabara.

Ndipo mama mmoja mzee akaingia. Nje inanyesha, lakini leso yake ilikuwa kavu kabisa.

"Tapkigen yuko?"

Hilo ni jina la Kogo la usichana. Waliomwita hivyo wote tulishawazika.

"Yuko, mama. Lakini ni mgonjwa."

"Najua. Miguu imepoa mpaka wapi?"

"Magotini."

"Sawa. Nimekuja kumchukua."

Wewe ungepiga nduru? Mimi sikupiga. Huyo mama hakuwa na kitu cha kutisha, ni ukweli. Nilimwambia tu vile ungemwambia mgeni yeyote, "Baba yangu hajafika. Kunywa chai kwanza."

Akacheka kidogo. "Haya. Nitangoja mpaka niimalize."

Akanywa polepole. Kikombe kikikaribia kuisha, naongeza. Na muda huo wote ile baridi haikupita magoti ya Kogo. Nilikuwa nimemshika, najua.

Baba akaingia na matope mpaka mapajani, akampita yule mama bila kumsalimia, akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, nimefika." Kogo akamfinya vidole. Niliona kwa macho yangu.

Nikainua thamosi tena. Sikuwa tayari. Yule mama akafunika kikombe kwa kiganja. "Msikilize anavyohema, msichana wangu. Unamchosha."

Nikasikiliza. Kifua kilikuwa kinakoroma kama sufuria inayochemka. Nikaweka thamosi chini, nikapokea kikombe, na kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Kogo akavuta pumzi moja ndefu. Mikunjo ya uso ikalainika, akabaki kama msichana aliyelala. Kugeuka, kiti hakina mtu.

"Ulikuwa unaongea na nani?" Baba akaniuliza.

Tangu siku hiyo, vidole vitatu vya mkono huu havijawahi kupata joto, hata nikiwa Nakuru mjini na jua linawaka. Daktari amepima, haoni kitu. Mtoto wangu hukataa nikimgusa uso kwa huo mkono.

Wewe unayeuguza mzee nyumbani, sikia. Huyo mama akija, usimfukuze. Mwombe muda, atakupa. Lakini kila ukiomba, mwangalie kwanza aliyelala kitandani, kwa sababu huo muda ni yeye anayeubeba.