Mwenyekiti Tuliyewachagulia

Jirani yangu hapa Nyarubungo akija kuazima jembe hapigi hodi kama binadamu wengine. Husimama uani akasema kwa sauti ya mkutano wa hadhara, "Mwenyekiti mliyemweka madarakani amefika." Mke wangu hucheka mpaka anaweka chini ungo wa maharage. Mimi hununa kidogo, kisha nampa jembe, maana anasema kweli.

Nilikuwa mwanajeshi. Kikosi chetu kilipelekwa nchi jirani kufukuza waasi, na tuliwafukuza, hilo sitaki ubishi. Baada ya hapo tukakaa miezi mingi katika kijiji kimoja cha milimani, na mkubwa wetu akasema hatuondoki mpaka wanakijiji wajifunze kujichagulia viongozi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kazi ya kuwaelimisha nilipewa mimi, kwa kuwa Kihangaza changu na lugha yao vinasikilizana.

Nilieleza wiki nzima, kura ni nini na haki ni nini, mpaka nikajiona mwalimu mkuu. Mwalimu halisi wa shule ya pale alikuwa kijana mpole asiyekula rushwa, nasi tulimpenda. Kila asubuhi tulikunywa naye chai mbele za watu. Lakini hatukumwambia mtu yeyote ampigie kura. Tulikuwa waungwana sana.

Siku ya uchaguzi wagombea watatu wa uenyekiti, mwalimu akiwa mmojawao, walisimama uwanjani, na watu wakaambiwa wapange mstari nyuma ya yule wanayemtaka. Sisi tuliuzunguka uwanja na bunduki, kwa usalama wao. Kijiji kizima kikajipanga nyuma ya mwalimu. Mke wa mgombea mmoja alikuwa kwenye mstari huo, na mumewe naye alikuwa anaangalia kama nafasi bado ipo. Mkubwa wetu akapiga picha. Mimi nilivimba kichwa, nikasema watu hawa wameelewa haraka.

Bibi mmoja tu alibaki ameketi pembeni. Nikamwamkia kwa heshima, nikamuuliza mbona hachagui.

"Mwanangu, ninyi mmeshachagua," akaniambia taratibu. "Mkiondoka, huyu mtoto wa watu atalala wapi?"

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Mpaka leo naionea aibu kauli hiyo.

Tukaondoka. Waasi walirudi, wakaichoma nyumba ya mwalimu, na wale wote waliojipanga nyuma yake hawakutoka nje. Haya nilisimuliwa na yeye mwenyewe, nilipokutana naye gulioni Nyamigogo, mimi nimeshastaafu na yeye ni mkimbizi mwenye mfuko mmoja. Alikuwa anakumbuka nilivyopasifia kwetu, ndiyo maana akakimbilia huku. Nilimsaidia kupata shamba jirani na langu, akaoa kijiji cha Bisibo, akahangaikia karatasi zake za uraia miaka mingi mpaka akawa mwenzetu.

Mwaka huu kitongoji kilitafuta mwenyekiti wa kamati ya maji, na watu wakalitaja jina lake. Nilifurahi kama nimetajwa mimi. Siku ya kura niliamka mapema, nikavaa koti langu la zamani la jeshi na buti, ili nikasimamie utaratibu. Nikamkuta mlangoni pangu, na safari hii hakutania.

"Kaka, leo naomba ubaki nyumbani."

"Kwani nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Ila watu wanakuheshimu, na wengine wanakuogopa. Ukiwepo pale sitajua kama wananitaka."

Roho iliniuma, sikatai. Nilivua buti nikakaa kumenya ndizi na mke wangu. Nilijikata kidole mara mbili kwa hasira.

Mchana alirudi anatabasamu mpaka magego yanaonekana. Nikainuka nimpongeze.

"Nimeshindwa," akasema, akajivutia kigoda. "Mama mwenye mashine ya kusaga amenipita kwa kura nane. Na yule mzee wa ng'ambo ya bonde amenifuata, akanishika mkono, akaniambia hakunipigia, eti naongea sana."

Mke wangu akampa maji. Alikunywa, akaanza kucheka tena, na machozi yakamtoka asiyafute.

"Ameniambia usoni, kaka," akasema. "Hakuogopa mtu."