Pampu Inaguna, Mkutano Uko Juu

Jengo zima lilimwita Shemeji, wakubwa kwa wadogo, maana mkewe alikuwa dada wa kila mtu pale. Kazi yake ilikuwa kulisimamia: maji, taa, funguo na ugomvi wa wapangaji. Siku hiyo zamu yake ya kuwakaribisha wenzake wa chama cha wasimamizi wa majengo ilikuwa imefika, na chumba cha pampu alikuwa amekifagia hadi pembe zinazojulikana na mijusi tu.

Desturi ya chama ilikuwa kukutana chini, kwenye mashine za mwenyeji. Kabla ya neno lolote, kila mmoja aliziwekea kiganja na kutega sikio. Wenyewe waliita desturi hiyo kuamkia mashine. Shemeji aliisubiri siku hiyo kama mgonjwa anavyomsubiri daktari, kwa kuwa pampu yake ilikuwa imeanza kuguna. Akiiacha na kumbe ni mbovu, itaungua, na kazi itaota mbawa. Akiizima na kumbe ni nzima, orofa zote zitamlilia, na juu kabisa kuna kliniki ya watoto. Peke yake hakuthubutu.

Lakini chama kilikuwa kimepata uongozi mpya. Mwenyekiti, mama mchangamfu anayesimamia jengo la soko, aliingia akauliza, "Kaka, ukumbi uko wapi?"

"Si chini, dada? Nimeshafagia."

"Huko tumeacha. Sasa kipaumbele ni watu. Mashine baadaye."

"Kipya kinyemi ingawa kidonda," alinong'ona msimamizi wa stendi, mzee mwenye kitambi, akipanda ngazi kwa kuhema.

Juu, ukumbini, walikaa duara. "Kila mtu aseme yeye mwenyewe yukoje," alisema mwenyekiti. "Mwenyeji, hujambo?"

"Sijambo. Pampu ndiyo inaguna."

Wakacheka. "Sijauliza pampu, kaka. Wewe."

Kila Shemeji alipojitafuta ndani, alikuta pampu.

"Silali," alisema mwishowe.

"Kwa nini?"

"Pampu."

Walicheka tena, ila mwenyekiti hakucheka. Alimtazama, akasimama. "Jamani, mtu wetu halali. Tushuke."

Chini, mzee wa stendi alitega sikio. "Beringi imekwisha hiyo, gololi zinasagana."

"Beringi gani, mzee? Ni hewa tu mabombani!" alidakia mwingine.

"Masikio yako yamejaa nta, mwanangu."

Shemeji aliwageukia huyu na huyu. Alidhani watampa jibu moja.

"Wewe wasemaje?" mwenyekiti alimuuliza.

"Sijui, dada. Naogopa tu."

"Basi zima. Fundi aje."

Akazima. Mguno ukakoma, kisha sauti ikashuka kutoka juu: "Shemejii! Maji!"

Shemeji akachukua ndoo ya maji ya akiba kwa ajili ya kliniki, mwenyekiti akachukua nyingine. Njiani Shemeji alitaka kumuuliza kama hapo bado wako mkutanoni au mkutano umeshakwisha, lakini ndoo ilikuwa nzito, na ngazi bado nyingi.