Flashi Mbili Nyeusi

"Miaka tisa sijafuta cha mtu," mwanamke wa steshenari huwaambia wateja hata bila kuulizwa. Flashi wanazomletea hufanana kama mapacha, na kompyuta huziita zote jina moja. Yeye huchomoa moja, akatazama ni ipi imetoweka kwenye orodha, akairudisha, kisha kwa vidole vyake vyenye madoa ya wino akaipa jina la mwenyewe. Jumatatu zilichomekwa mbili nyeusi: ya mwalimu, aliyetaka yake ifutwe ili mitihani ipate nafasi, na ya mama mjane, yenye picha pekee za marehemu mumewe.

"Yangu ni hiyo ya juu kwenye orodha, dada. Futa basi, kengele inalia!"

"Kengele italia na kesho, mwalimu. Ngoja nichomoe." Akachomoa ya mjane. Ya juu ikatoweka. Mjane, pale kwenye benchi, hakujua kilichomkosakosa. Mwanamke akairudisha, akaandika BABA WATOTO, akamgeuzia mama kioo cha kompyuta asome mwenyewe. Kisha akanyoosha mgongo.

"Miaka tisa, mwalimu," akasema. "Na leo."