Mama Mashine Aomba Likizo

Kwa miaka kumi na mmoja, printa ya ofisi ya shule yetu ilimsikiliza mtu mmoja tu: katibu muhtasi, tuliyemwita Mama Mashine. Mimi ni karani wa masijala, meza yangu inatazamana na yake, kwa hiyo nimeona mengi. Mwalimu akija kuchapa mwenyewe, karatasi ya tatu tu imekwama. Mama Mashine anainuka kwa maringo, anatupa mgongo tusione kitu, na baada ya dakika printa inaunguruma kama kawaida. Ukimuuliza amefanyaje, anajibu, "Inajua mkono wangu." Na sisi watu wazima wenye vyeti tukaamini.

Basi binti yake akakaribia kujifungua, mjukuu wa kwanza huyo. Mama akaenda kuomba likizo ya wiki mbili, akarudi uso umemshuka.

"Mwalimu mkuu kakataa," aliniambia. "Eti mitihani inachapwa wiki ijayo, nisipokuwepo printa itagoma."

Nilicheka, Mungu anisamehe. "Mama, si umejitakia mwenyewe?"

Alininunia mpaka saa ya chai. Kisha akamfuata mwalimu mkuu na kumleta, kikombe kikiwa bado mkononi.

"Leo utachapa mwenyewe, Mwalimu."

"Mimi tena? Mama, nimekukosea nini?"

Siri zikaanza kumtoka, moja moja, kwa shida. Kwanza alionyesha rimu za karatasi zilizopangwa kando ya birika la chai. "Hizi zinakula mvuke kutwa nzima. Karatasi yenye unyevu lazima ikwame. Mimi natumia za kabatini kwangu." Aliyezipanga pale ni mimi, kwa hiyo nilijifanya natafuta faili.

Akafungua rimu kavu, akazipepeta karatasi kwa vidole zisigandane, akazigonga mezani zikae sawa. Akazitia kwenye trei bila kuvuka mstari wa kikomo uliochorwa ndani yake, akasogeza vishikizo vya pembeni viziguse bila kuzibana. "Na iliyokunjika usiirudishe ndani, Mwalimu. Kwa hilo wewe ni bingwa."

Akazitoa zote, akamwachia. Mwalimu mkuu akafuata hatua zile zile, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Akabonyeza. Zikatoka nakala mia mbili bila kukwama hata moja, naye akashangilia kana kwamba amefunga goli. Mama Mashine alipiga makofi mawili tu. Likizo ameipata, lakini nilimwona: ilimuuma.

"Nenda, Mama," mwalimu mkuu alisema. "Utusalimie mjukuu."

Siku ya tisa nikampigia simu. Hata salamu hakungoja.

"Imekwama?"

"Hata mara moja."

"Haya," alisema kinyonge. Halafu sauti ikachangamka ghafla. "Ila huyu mtoto, nikwambie! Mama yake akimbeba, kilio. Baba yake, kilio. Nikimpokea mimi tu, kimya, usingizi."

"Unamfanyaje?"

"Anajua mkono wangu."

"Mama! Mfundishe binti yako kabla hujarudi kazini."

Alicheka mpaka nikasikia mtoto ameamka.

"Nitamfundisha," alisema. "Siku ya mwisho."