Mgomba wa Kaka Yetu

Kaka yangu alikufa ng'ambo ya bahari, kule Burma, katika vita ya Wazungu. Alikuwa mbeba machela. Vita ilipokwisha, askari mwenzake alipanda mpaka kwetu Fizi akatueleza: walikuwa wanamtoa majeruhi porini, risasi ikampata yeye. Mimi niliamini. Mama hakuamini, na siwezi kusema alikosea, maana hata huyo mwenzake hakumwona akizikwa.

Kwetu, mtu akifia mbali na maiti isirudi, tunamzikia mgomba. Unakatwa kwa urefu wa marehemu, unavikwa nguo yake, unalazwa kaburini, watu wanalia, wananyoa nywele, basi. Bila hivyo matanga hayaishi, na mjane anabaki mke wa mtu. Miaka yote mama alikataa mgomba. Mke wa kaka akaendelea kulima muhogo wetu, mikono yake ikazeeka kabla ya uso.

Halafu, miaka ya hamsini imeshafika kati, mvuvi mmoja wa Mboko akaanza kumposa wifi. Mtu mpole, ingawa alisema sana. Wifi hakumjibu. Alikuja kwangu tu, tunamenya muhogo, akasema:

"Wifi, mi nimechoka. Kaka yako simukatai. Nimechoka tu."

Nikayapeleka maneno hayo kwa mjomba, ndugu mdogo wa mama. Akamkalia mama mpaka akakubali. Au labda mama naye alichoka, sijui. Mimi si mtu wa kusoma mioyo ya watu.

Asubuhi mjomba alikata mgomba, akausimamisha uani. Mama akauangalia.

"Ule iko mufupi. Mutoto wangu hakukuwa mufupi vile."

Mjomba akaleta mwingine.

"Na ule pia iko mufupi."

"Yaya," mjomba akamwambia dada yake, jasho linamtoka, "huyu kijana anarefuka kila mwaka! Utanimalizia shamba."

Bamama waliokuja matangani wakacheka, wakaziba midomo. Mama hakucheka. Akakaa chini, na sote tukaelewa kwamba leo pia haitawezekana. Kusema haki, mimi sikuwa na la kumsaidia. Nilijaribu kukumbuka urefu wa kaka, nikaona kofia tu, na shati lililokatika kifungo.

Wifi ndiye aliyeinuka. Akauendea ule mgomba wa pili, akasimama karibu nao kabisa, kama vile sisi hatukuwepo. Akaweka kiganja juu ya kichwa chake.

"Mama, kichwa yangu ilikuwa inafika hapa, chini ya kidevu."

Juu ya kiganja, mgomba ulibaki na nafasi ya uso wa mtu. Mama aliangalia pale.

"Ongeza kidogo," akasema. "Akisema na we, alikuwa anainama."

Mjomba akaenda kukata wa tatu. Tukauvika lile shati, tukazika. Mama alilia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu yule askari alipokuja, au pengine hata siku ile hakulia.

Wifi alipokuwa anashuka kwenda Mboko kwa yule mvuvi, mama alimfungia mzigo yeye mwenyewe. Alikaza kamba, akaona amekaza mno, akalegeza, akakaza tena. Wifi alisimama akingoja, hakumharakisha.

"Enda, mutoto," mama akasema. "Jua inapanda." Na mkono wake ulikuwa bado umeshika kamba.