Bangili Iliyofukiwa Mkokotoni

Subira yangu ilikatika siku ya Jumatano, baada ya sala ya adhuhuri. Nimekaa kitandani nyumbani kwetu, mtaa wa Malindi, mjini, sanduku langu la nguo liko wazi, na mkononi nina bangili moja badala ya mbili. Bangili zile alinivisha mama siku ya harusi yangu. Alizivua mikononi mwake, na tangu siku ile hakuvaa dhahabu nyengine. Nilishaweka nia kuwa zitakuwa za binti yangu Salma, ambaye wakati ule alikuwa na miezi tisa na kazi yake kubwa ni kulamba sabuni.

"Baba Salma!"

"Naam."

"Bangili yangu ya pili iko wapi?"

Nassor, mume wangu, alikuwa barazani anaipangusa mashine yake kwa kanga yangu. "Ipo," akasema. "Ipo pahala pazuri."

"Pahala gani?"

"Mkokotoni."

"Kwa nani?"

"Mchangani."

Mimi si mtu wa hasira za karibu. Nassor ni karani bandarini, na alipopata likizo nilidhani atanishikia mtoto nilale japo mchana mmoja. Akatokea kaka yake kutoka Maskati na mashine ya kutafutia vyuma chini ya mchanga: fimbo ndefu, chini ina sahani, juu ina kisanduku kinacholia kama paka aliyekanyagwa mkia. Nassor akapotea siku nne. Alisema anakwenda Mkokotoni, kaskazini ya kisiwa, kupunga hewa ya bahari, kama kwamba Malindi tumezungukwa na jangwa. Kumbe kenda kutafuta hazina. Kaka yake kamwambia kwanza afukie dhahabu ya kweli, ausikie mlio wake. Dhahabu ya nani? Yangu. Akaifukia, mashine ikalia, akafurahi, akenda kula. Aliporudi maji yamejaa.

"Hukuweka alama?" nikamuuliza.

"Niliweka. Mkabala na ngalawa ya buluu."

"Na hiyo ngalawa?"

Akakuna kichwa. "Ilikwenda kuvua."

Nikamwambia kesho asubuhi tunakwenda sote watatu, na bila bangili sirudi.

Alkhamisi, saa moja na nusu, tuliondoka Malindi kwa vespa yake. Salma katikati, mimi nyuma nimekaa upande, buibui nimelibana kwa magoti, na fimbo ya mashine imefungwa ubavuni. Nassor alisahau kuizima. Vespa ni chuma kitupu, basi mashine ikalia tangu Malindi, watu wanatoka milangoni, na mimi natazama mbele kama bibi harusi. Salma peke yake ndiye aliyefurahi.

Njiani, pahala panapoitwa Mtoni, kwenye magofu ya kasri, Nassor akasimamisha vespa. "Dakika tano tu, Mama Salma. Hapa walikaa wafalme."

Nilimuacha, kwa sababu Salma alikuwa ananyonya. Katika dakika zile, zilizokuwa arubaini, akachimbua vizibo vya soda, bawaba moja na kijiko kilichopinda. Akatokea mlinzi.

"Mnatafuta nini hapa?"

"Bangili yangu," nikamjibu mimi.

"Imepotea hapa?"

"Imepotea Mkokotoni."

Mlinzi akanitazama mimi, akamtazama Nassor, akaitazama mashine. "Sasa hapa?"

"Muulize mwenyewe."

Tuliondoka haraka. Kijiko alikitia mfukoni, eti huenda ni cha kifalme.

Mkokotoni tulifika saa nne na nusu, maji yamekupwa. Kivulini mwa nyumba iliyo karibu na pwani walikaa wanawake sita wanaponda makumbi ya nazi kwa miti. Mkubwa wao ni Bi Mize, mtu wa Tumbatu, mrefu, mkavu, macho hayapepesi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndo mke wa Bwana Ufunguo?"

"Bwana nani?"

Wanawake wakaangua kicheko. Nassor akaona ghafla kuwa bahari inataka kutazamwa.

"Alitwambia kaangusha ufunguo wa vespa," akasema Bi Mize. "Siku tatu anachimba. Sisi tukamhurumia, masikini, atarudije mjini? Siku ya nne tukamuona huyo, kapanda vespa, kaiwasha, kenda zake."

Nilipandisha mkono wa buibui, nikamwonesha bangili iliyobaki. "Si ufunguo, Bi. Ni pacha wa hii. Alinipa mama."

Bi Mize aliigeuza mara mbili kwenye mkono wangu. Halafu akaingia ndani, akatoka na kanga yenye fundo pembeni, akalifungua. Bangili yangu ikatoka, safi, haina hata chembe ya mchanga.

"Nliikuta ubavuni mwa shimo langu la makumbi," akasema. "Huyu hajaniuliza bangili. Kaniuliza ufunguo, na ufunguo mie sikuuona."

Akanivisha mwenyewe. Nililia, na sioni haya kusema.

"Sasa na wewe njoo uone letu," akaniambia.

Pwani ile wanawake hufukia makumbi kwenye mchanga unaofikiwa na maji, wakayagandamiza kwa mawe na mbao kuukuu za mashua. Hukaa humo miezi mpaka yakalainika, ndipo hupondwa yakatoka usumba wa kusokota kamba. Kila mwanamke ana shimo lake na analijua, hata ngalawa zikienda na kurudi. Lakini mbao zile zina misumari. Kila mashine ilipolia, Nassor alichimba, na wao kivulini hawakuona anachimba wapi. Mashimo sita yalikuwa wazi, makumbi yametapakaa, yamekauka kama maganda ya muhogo, mengine yamekwenda na maji. Mmoja wao, mwanamke wa rika langu, mtoto mgongoni, alikuwa anaokota yake moja moja, hatutazami. Hapo hasira yangu, iliyokuwa imeanza kupoa, ikawaka upya, na safari hii haikuwa ya bangili.

"Tulikwenda kwa Sheha wetu wa kijiji," akasema Bi Mize. "Katwambia tulete kwa maandishi. Barua za ofisi sisi hatujui mwendo wake. Wewe umesoma?"

"Mpaka kidato cha nne."

"Alhamdulillahi!" wakasema wanawake kwa pamoja. Nyuma yangu nikamsikia Nassor, "Inna lillahi."

Akanisogelea. "Mama Salma, mimi si mumeo?"

"Ndivyo ntakavyoandika. Mume wangu."

Alasiri nilirudi mjini kwa gari la abiria, mimi na Salma tu, bangili mbili mkononi. Nilikwenda Mkokotoni nikidhani pwani ni mchanga mtupu. Nilirudi nikijua kuwa mchanga ule una wenyewe, na jasho lao limo ndani. Sababu ya kurudi bila mume imo katika barua niliyoiandika pale pale kivulini. Sheha aliisoma mara mbili, akaziba mdomo kwa kiganja, akagonga muhuri. Nakala yake ni hii:

Kwa Sheha.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA NASSOR, KARANI, MKAAZI WA MALINDI

Sisi wanawake sita wa pwani ya Mkokotoni, pamoja na mimi mwandishi, tunalalamika kwamba mlalamikiwa amefukua mashimo sita ya makumbi bila ya ruhusa, kwa kisingizio cha ufunguo ambao haukupotea. Kazi ya miezi imeharibika.

Tunaomba mlalamikiwa abaki Mkokotoni siku zote zilizosalia za likizo yake, akusanye makumbi mapya, na ayafukie kwa mikono yake, wenye mashimo wakimsimamia. Mashine tunaomba ikae ofisini kwako mpaka makumbi hayo yawe kamba.

Bi Mize amekubali kumlaza na kumlisha, baada ya wengine kula.

Mimi mwandishi ni mke halali wa mlalamikiwa. Nathibitisha kwamba nyumbani hana kazi ya haraka, na kwamba barua hii nimeiandika nikiwa na akili zangu timamu, bila ya kushurutishwa na mtu, na kwa furaha.

Mama Salma,
mlalamikaji wa saba.